Je, Yafaa Mwanafunzi Kumsimamia Mnyonge?

Katika darasa letu la usiku wa Ijumaa lilizuka suala ambalo tulipolianza tulidhani litakwisha kwa dakika kumi, na ilipofika saa nne na nusu bado tulikuwa hatujapatana. Suala lenyewe ni hili: Mtu mnyonge akidhulumiwa mali yake, na mawakili waliohitimu wakakataa kumsimamia kwa kuwa dai lake ni dogo, je, yafaa asimamiwe na mwanafunzi wa sheria ambaye bado hajahitimu? Au kufanya hivyo ni kumdhulumu mara ya pili?

Suala hili halikuzuka hewani. Mmoja wetu ana mwanawe asomaye sheria Marekani, naye kijana alimpa babake habari kwamba mwaka huu, pamoja na kusoma vitabu, yeye na wenzake wanawasimamia watu wenye akiba ndogo katika ugomvi wao na madalali wa hisa. Babake alifurahi. Lakini mwenzetu mwingine alikunja uso akasema: "Huyo ni mtoto. Mimi singempa hata kiatu changu akishone kabla hajajua kushona, je, nimpe haki yangu?" Basi hapo ndipo maneno yalipoanza.

Kabla ya kutoa rai yetu twapenda kueleza mambo yalivyo huko, kwani kulihukumu jambo kabla ya kulijua ni katika tabia zinazotuponza.

Huko Marekani watu wengi wa kawaida, waalimu, wauguzi, wastaafu na wajane, huiweka akiba yao ya uzeeni katika hisa na hati za mikopo. Mtu wa namna hii hendi sokoni mwenyewe. Huenda kwa dalali, akampa fedha na kumweleza hali yake, na dalali ndiye anunuaye na auzaye kwa niaba yake. Siku anapofungua hesabu hupewa karatasi nyingi atie sahihi, na ndani yake mna sharti lisemalo kuwa wakigombana hawatakwenda mahakamani, bali watakwenda mbele ya waamuzi. Mwaka 1953 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataa sharti kama hilo katika kesi iliyohusu sheria ya hisa ya mwaka 1933. Lakini mwaka 1987, katika kesi ya Shearson/American Express na McMahon, mahakama hiyo hiyo ilisema kuwa sharti hilo lamfunga mteja katika madai ya sheria ya mwaka 1934, na mwaka 1989 ikaitangua kabisa hukumu yake ya kwanza. Tangu hapo karibu magomvi yote ya wateja na madalali huletwa mbele ya baraza la waamuzi liendeshwalo na chama kinachowasimamia madalali wenyewe, ambacho tangu mwaka 2007 huitwa FINRA. Chama hicho nacho kiko chini ya uangalizi wa tume ya serikali ya mambo ya hisa, iliyoundwa mwaka 1934.

Hatusemi kuwa baraza hilo ni baya tupu. Ni jepesi na la haraka kuliko mahakama, na mtu aweza kujitetea mwenyewe akitaka. Mwaka 2012 kiwango cha madai madogo kilipandishwa kutoka dola 25,000 hadi dola 50,000, na dai la namna hiyo huamuliwa na mwamuzi mmoja kwa kusoma karatasi tu, ila mteja mwenyewe akitaka kusikilizwa. Lakini msomaji na azingatie mambo mawili. La kwanza, mwamuzi halazimiki kueleza sababu za uamuzi wake, ila pande zote mbili zimwombe. La pili, mlango wa rufani, kwa sheria ya mwaka 1925, ni mwembamba mno. Mwamuzi akikosea hesabu au akikosea kuifahamu sheria, mara nyingi basi. Kwa hivyo mnyonge ana nafasi moja tu. Asipoyaeleza mambo yake vizuri mara hiyo, yamekwenda.

Sasa ni nani atakayemsaidia kuyaeleza vizuri? Mawakili wa kazi hii mara nyingi hawatozi ada mbele, bali huchukua fungu la kile kitakachopatikana, na fungu lenyewe mara nyingi ni theluthi. Aliyepoteza dola 900,000 hugombaniwa na mawakili. Aliyepoteza dola 12,000 hapati hata mmoja, kwa sababu theluthi yake ni dola 4,000, na kazi ya kesi ndogo si ndogo: karatasi ni zile zile, hesabu ni zile zile, na mawakili wa kampuni ya udalali ni wale wale. Hatuwalaumu mawakili hao sana, kwani nao wana watumishi wa kulipa na nyumba za kulisha. Lakini natija yake ni ajabu: kadiri mtu alivyo na kidogo, ndivyo anavyohitaji zaidi kile kidogo, na ndivyo anavyokosa zaidi wa kumsemea.

Kwa kuliona hilo, mwenyekiti wa tume ya hisa wa wakati huo, Arthur Levitt, alivihimiza vyuo vya sheria vifungue ofisi ambamo wanafunzi, chini ya mwalimu aliye wakili, watawasimamia watu hao bila ya malipo. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1997 katika chuo cha sheria cha Pace, jimbo la New York, kisha vikafuata vyuo vingine kama Fordham na St. John's. Ofisi hizo huitwa kliniki, jina lililoazimwa kwa matabibu. Wanafunzi kuwasaidia maskini hakukuwa jambo geni huko, kwani ofisi ya wanafunzi wa Harvard ilianza tangu mwaka 1913. Lililokuwa geni ni kuwapeleka katika mambo ya hisa, ambayo mtu hudhani ni mambo ya matajiri.

Kazi yao, kwa tulivyoelezwa, ni ya uchovu kuliko fahari. Mteja huja na mfuko wa karatasi ambazo nyingine hajapata kuzifungua. Mwanafunzi huzipanga mwezi baada ya mwezi, akaandika kila kilichonunuliwa na kila kilichouzwa, na kila ujira aliochukua dalali. Hapo dhulma huonekana yenyewe. Tuseme mjane ana dola 40,000, na dalali huchukua dola 100 kila anunuapo au auzapo. Akinunua na kuuza mara 80 kwa mwaka, amekula dola 8,000, yaani khumusi ya mali. Ili mjane asipoteze hata senti, mali yake yalazimu ipate faida ya asilimia 20 kwa mwaka, na hiyo yote ni ya kumlisha dalali. Katika karatasi za kila mwezi jambo hili halisomeki. Kila mwezi waona biashara chache tu. Ni lazima mtu akae azijumlishe. Wakili mwenye shughuli nyingi hana wakati huo kwa ajili ya theluthi ya kitu kidogo. Mwanafunzi anao.

Basi hayo ndiyo mambo yalivyo. Sasa tuingie katika hoja za wanaopinga, na tutazitaja kwa nguvu zake zote, kwani hoja ikidhoofishwa makusudi haijajibiwa.

Hoja ya kwanza ni ile ya mwenzetu wa kiatu: Huyu hajahitimu, na haki ya mtu si mahali pa kujifunzia.

Jawabu yetu ni kuwa maneno haya yana kweli, lakini yamesahau jambo tulionalo kila siku mbele ya macho yetu. Katika vyuo vyetu vya Kurani, ni nani amfundishaye mtoto mdogo herufi? Mara nyingi si mwalimu. Ni mwanafunzi mkubwa, ambaye mwenyewe bado yuko katikati ya masomo yake. Hapana mzazi aliyelalamika, kwa sababu mwalimu amekaa pale pale akisikiliza, na mtoto akikosezwa, mwalimu hunyanyua kichwa. Kadhalika mwanamaji hakukabidhiwa usukani siku aliyokuwa nahodha. Alikabidhiwa zamani, bahari ikiwa shwari, nahodha akiwa karibu yake. Ilimu haimwingii mtu kwa siku moja, siku ya kupewa shahada. Humwingia kidogo kidogo, na kila kiasi chake kina kazi kinachoitosha.

Kwa hivyo suala si kuwa amehitimu au hakuhitimu. Suala ni: Je, ilimu aliyo nayo yatosha kwa kazi hii aliyopewa, na je, yuko aliye juu yake atakayebeba lawama akikosea? Sisi twaona masharti ni manne. Kazi iwe na mipaka ijulikanayo. Mwalimu asome kila karatasi kabla haijatoka, wala asiweke sahihi yake kwa mazoea. Mwanafunzi apewe wakili mmoja wa kumwuliza kila saa, na kesi chache, ili uchache wa ujuzi ufidiwe kwa wingi wa uangalifu. Na la nne, ambalo twaliona kuwa kubwa kuliko yote, mteja aambiwe wazi tangu siku ya kwanza kuwa anayemsimamia ni mwanafunzi, naye awe na uhuru wa kukataa. Mambo haya manne yakipatikana, hatuoni dhulma. Likikosekana moja, twasema pamoja na mwenzetu: msimpe hata kiatu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ililetwa na mwalimu mmoja katika sisi. Alisema: "Mimi siogopi ujinga wa mwanafunzi, mwalimu wake atautengeneza. Naogopa nia ya chuo. Chuo hakikufunguliwa ili kumsaidia mjane. Kilifunguliwa ili kumfundisha kijana. Basi huyu mjane ni nani kwao, kama si ubao wa kuandikia? Tajiri husimamiwa kwa sababu haki yake yatakikana. Maskini husimamiwa kwa sababu msiba wake una faida ya masomo."

Twakiri kuwa hoja hii ilitunyamazisha kwa kitambo. Wala si vizuri kuijibu upesi kwa kusema kuwa kila mmoja apata lake, mjane apata wakili na kijana apata somo, basi yamekwisha. Watu wawili waweza kufaidika katika jambo moja, na bado mmoja akawa anatumiwa na mwenziwe.

Rai yetu ni hii. Nia mbili zikikaa katika nyumba moja kwa amani, huwezi kujua ni ipi mwenye nyumba. Utajua siku zitakapogombana. Na katika kazi hii siku za kugombana zajulikana. Siku ya kwanza ni siku ya kuchagua. Kliniki haiwezi kuwachukua wote wanaobisha hodi. Je, yachagua kesi yenye masuala mapya ya kuwapendeza wanafunzi, au yamchagua mwenye haja kubwa ambaye kesi yake ni ya kawaida na ya kuchosha? Siku ya pili ni siku ya sulhu. Kampuni ya udalali yatoa dola 6,000 kwa dai la dola 12,000. Kijana amejitayarisha miezi mitano kusimama mbele ya waamuzi. Kusimama huko ndilo somo alilolitamani. Bibi kizee ana kodi ya nyumba ya kulipa, na sulhu yamtosha. Je, kijana atamshauri kwa ajili ya nafsi ya nani? Siku ya tatu ni siku ya kufunga chuo. Muhula umekwisha, kijana amepata alama zake na anakwenda zake, na kesi ya mjane iko katikati. Je, atakabidhiwa mtu mwingine kwa daftari iliyotimia na kwa kukutanishwa uso kwa uso, au ataanza kuisimulia habari yake upya kwa kijana wa tatu?

Chuo ambacho katika siku hizo tatu humtanguliza mteja, basi somo lake ni halali yake, tena ndilo somo bora lipatikanalo, kwani kijana amejifunza kuwa wakili ni mtu aiwekaye haja ya mwenziwe mbele ya haja yake. Na chuo ambacho katika siku hizo humtanguliza mwanafunzi, hakikumfundisha sheria. Kimemfundisha kazi ile ile ya dalali aliyemshitaki. Maana kosa la dalali lilikuwa nini? Alipewa mali ya mtu aitazame kwa maslaha ya mwenyewe, naye akaitazama kwa maslaha yake. Kosa halibadiliki jina kwa kuwa safari hii kilichochukuliwa ni kesi badala ya fedha.

Hoja ya tatu husemwa zaidi barazani kuliko darasani: Huyo mwenye hisa alitaka utajiri wa haraka. Aliyeingia sokoni kwa tamaa, akitoka mtupu na ashukuru ametoka hai. Kwa nini watoto wa watu wapoteze masomo yao kwa ajili yake?

Sisi hatuwatetei wenye tamaa, na suala la hisa zipi ni biashara njema na zipi ni kamari lina mahali pake, nalo si hapa. Lakini hoja hii yachanganya hasara mbili zisizofanana. Kuna hasara ya biashara: umenunua, bei imeanguka. Hiyo ni yako, wala hapana wa kumshitaki. Na kuna hasara ya khiyana: umemwambia mtu, "Mimi ni mzee, hii ndiyo akiba yangu yote, niwekee mahali pa salama," akaiweka mahali pa hatari kwa kuwa huko ujira wake ni mkubwa. Hiyo si hasara ya soko. Hiyo ni amana iliyoliwa. Ukimkabidhi mtu mbuzi wako akuuzie, bei ikawa mbaya, utasikitika na kunyamaza. Akiwa amemuuza kwa shemejiye kwa nusu ya thamani, hutanyamaza, wala hapana atakayekuambia kuwa ni tamaa yako iliyokufanya umiliki mbuzi. Huko Marekani sheria yenyewe imetambua tofauti hii: tangu mwezi wa Juni 2020 dalali ampaye mteja wa kawaida shauri alazimika kutazama maslaha bora ya mteja, asitangulize yake. Kliniki hazimrudishii mtu hasara ya soko. Kazi yao ya kwanza, mteja anapokuja, ni kupambanua hasara hizi mbili, na wengi huambiwa kwa upole kuwa hawana dai. Hilo nalo ni msaada, kwani mtu aliyeelezwa kwa nini hakudhulumiwa hulala usingizi.

Hoja ya nne ndiyo ambayo hatukuweza kuijibu yote, wala hatutaki kujidai. Yasema hivi: Nyumba ya baraza ilijengwa na madalali, sharti liliandikwa na madalali, na mnyonge hakuwa na hiari ila kutia sahihi. Kumpa mwanafunzi wa kumwingiza katika mlango ule mwembamba ni kuufanya uonekane mpana. Watu watasema, "Mbona maskini nao husaidiwa?" na mlango hautapanuliwa daima.

Hili ni kweli, na liko la zaidi. Kuna watu huko walioshinda mbele ya waamuzi, wakapewa hati ya ushindi, na dalali akawa amefilisika au amefunga duka, basi hati ikabaki karatasi. Ubora wa wakili hauiponyi hali hii, awe mwanafunzi au mzee wa mvi.

Lakini twauliza: mtu aliyeanguka kisimani, je, husubiri mpaka kijengwe ukuta? Hutupiwa kamba kwanza. Dhambi ni kutupa kamba kila mwaka na kunyamaza juu ya ukuta. Kwa insafu yapasa kusema kuwa walimu na wanafunzi wa kliniki hizo hawakunyamaza wote. Tume ya hisa inapotaka kubadili kanuni na kuuliza rai za watu, kliniki nazo huandika, nazo husema mambo ambayo wengine hawayajui, kwa kuwa wao ndio waliokaa na mjane na mfuko wake wa karatasi. Twaona hii ni nusu ya pili ya wajibu wao. Mwenye kumsaidia mnyonge mmoja akaona kwa macho yake dhulma inakopitia, kisha asiseme, amechukua ilimu kutoka kwa maskini bila ya kulipa.

Huenda msomaji akauliza: Haya ni ya Marekani, yatuhusu nini sisi watu wa pwani?

Yatuhusu. Mwaka 2008 hisa za Safaricom zilipouzwa kwa shilingi 5 kila moja, mamia ya maelfu ya Wakenya walijipanga kununua, na katika wao walikuwamo majirani zetu, wachuuzi, waalimu na wastaafu, wengi wao hawajapata kumwona dalali wa hisa maishani. Maombi yalipita hisa zilizokuwapo, kila mtu akapata chini ya alichoomba, na fedha zilizobaki zikawa ni za kurudishwa. Miaka hiyo hiyo, 2007 na 2008, kulianguka madalali wa hisa huko Nairobi, na fedha za wateja zikakwama. Upo mfuko wa kuwafidia wawekaji akiba, lakini kiwango chake kilikuwa kisichozidi shilingi 50,000 kwa mtu mmoja.

Na sasa tumtaje yule aliyemaliza mjadala wetu. Usiku ule alikuwamo mzee mmoja, mstaafu wa bandarini, aliyekuwa kimya tangu mwanzo. Tulipoulizana kwa mara ya kumi kama yafaa au haifai, alikohoa akasema: "Mimi mwaka ule niliomba hisa kwa fedha za kiinua mgongo. Baki yangu haikurudi. Dalali aniambia iko benki, benki waniambia iko kwa dalali. Nilikwenda kwa wakili hapa mjini, mtu mwema, akanambia, 'Mzee, ada yangu itapita dai lako, kaa nyumbani.' Nilikwenda Nairobi mara mbili kwa basi. Karatasi ninazo mpaka leo katika kopo la biskuti." Kisha akamtazama mwenzetu wa kiatu, akasema: "Wewe wasema yule kijana hajui. Ni kweli. Lakini ajuaye alinikataa, na kijana hakunijia. Nilisimama na nafsi yangu, nami ndiye nisiyejua kuliko wote."

Hapana aliyesema neno baada yake. Hapo tulifahamu kosa letu. Sisi tulikuwa tukimpima mwanafunzi kwa wakili mkubwa, na wakili mkubwa hayuko katika mizani. Huyo amekwisha kukataa. Aliyebaki upande wa pili wa mizani ni mzee peke yake na kopo lake.

Basi rai yetu ni kuwa yafaa, kwa masharti yale tuliyoyataja; tena twazidi kusema kuwa mwenye ilimu itoshayo kazi iliyo mbele yake, na mwalimu yuko, na mnyonge yuko, kukaa kitako mpaka apewe shahada si unyenyekevu. Ni kumnyima mtu kitu alicho nacho yeye mkononi.

Nchi yetu nayo haina udhuru. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 48, yaipasa serikali imhakikishie kila mtu njia ya kuifikia haki, na kama kuna ada, isiwe ya kumzuia. Sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2016 yavitambua vyuo vikuu vyenye kliniki za sheria kuwa ni katika watoaji wa msaada huo. Watoto wetu wanaosoma sheria si haba siku hizi. Twawaona wakirudi likizo wakikaa barazani wakijadiliana mambo ya siasa na ya mpira, na hatuwakatazi. Lakini twawaomba jambo jepesi. Kila mtaa una mzee mwenye kopo. Mara nyingi halihusu hisa. Lahusu bima, au mkopo, au chama cha akiba, au kiwanja. Na waende kwa idhini ya walimu wao, wakae naye, wazipange zile karatasi kwa tarehe, waandike ukurasa mmoja usemao nini kilitokea na lini, na wamwambie kwa ukweli kama ana dai au hana, na ni ofisi gani ya kupeleka, na muda wa kudai umebaki kiasi gani. Kwa hilo hapana haja ya joho.

Na sisi tusiosoma sheria tuna letu. Tusitie sahihi karatasi tusiyoisoma au kusomewa. Tusimpe dalali fedha bila ya risiti, wala tusione haya kumwuliza ujira wake ni kiasi gani kwa kila biashara. Na karatasi tusizitupe.

Yule kijana wa Marekani amekwisha kuulizwa na babake kama likizo hii atakapokuja Mombasa atakuwa na nafasi ya siku mbili tatu. Amesema atakuwa nayo, na mwalimu mmoja wakili wa hapa amekubali kukaa naye. Mzee ameambiwa. Amesema miaka imepita mingi, naye hatarajii kitu. Lakini siku ya pili yake alionekana dukani akinunua faili.